Kwa Nini Sikutaka Ulale Ukining'inia

Mkumbo, mjukuu wangu na mume wangu,

Alizeti tumevuna mara mbili na hujakanyaga Ulemo. Simu unapiga, sikatai. "Shikamoo bibi, umeamkaje, haya baadaye." Hiyo ni salamu ya mpita njia, si ya mtoto niliyemnywesha maziwa ya mbuzi kwa kijiko. Kama umekufa niambie niweke matanga. Kama uko hai, kaa chini usome. Mama mchungaji ndiye ananiandikia, maana mimi shule niliiona kwa nje tu, na nimemwambia aandike ninavyosema, asinilainishe.

Najua kinachokuweka mbali. Ni kile kitambaa chako.

Ulikuja na mkoba wako wa mgongoni, umetoka kutembeza wageni porini. Nikakutandikia kitanda cha marehemu babu yako, shuka safi. Ukasema, "Bibi, ndani joto, mimi nitalala nje." Nikauliza hema liko wapi, maana hao wageni wenu nimewaona na mahema yao kama uyoga. Ukacheka. "Hema ni mzigo, bibi, na chini kuna siafu. Hiki nakifunga kwenye miti miwili, naning'inia, upepo unanibembeleza." Nikakuambia kumbe nimeolewa na popo. Nikaingia kulala, sikutazama ulivyofunga.

Asubuhi nilitoka na ndoo. Nikakuona nyuma ya nyumba, katikati ya ile miarobaini, umejifunika kitambaa mpaka kichwani kwa ajili ya baridi, unaning'inia, hutikisiki. Ndoo ilinitoka mkononi. Nikachukua panga nikakata kamba, ukadondoka kama gunia la mtama.

"Bibi, unanifukuza?"

"Nakushusha."

Ukangoja niseme zaidi. Nikaokota ndoo yangu nikaenda kuteka maji. Ukakunja vitu vyako ukaondoka, uji haujachemka.

Basi nakuambia sasa. Uliambiwa mama yako alifia hospitali. Hakufika hospitali.

Ulizaliwa humu ndani mwangu, mvua zimeshika, na damu yake haikukatika. Gari halikuwepo, na lingekuwepo lisingepita kwenye lile tope. Wanaume wakafanya tulivyokuwa tunafanya kwa wagonjwa: blanketi likafungwa ncha zake kwenye mti mrefu, akalazwa ndani, wakaubeba mti mabegani, babu yako akiwa mbele. Hiyo ndiyo machela yetu. Sisi tuliokua wakati ule, mtu mwenye afya hakulala kwenye nguo iliyotundikwa, hata kwa mchezo. Watoto wakijaribu walichapwa. Nguo hiyo ilikuwa ya mgonjwa anayepelekwa, au ya maiti anayerudishwa. Wewe ungejuaje, siku hizi mgonjwa anapandishwa bodaboda.

Nilitembea nyuma yao na wewe mgongoni kwangu. Macho yangu yalikuwa kwenye blanketi. Mgonjwa akiwa hai hujigeuza, hata kama ni hoi, na wabebaji wanaguna mzigo ukihama. Mama yako alikuwa anajigeuza. Akauliza kutoka mle ndani, "Mama, mbona mtoto kanyamaza?"

"Amelala. Lala na wewe."

Tukafika kwenye korongo, maji yamejaa, wanaume wakasimama wangoje yapungue. Blanketi likatulia. Babu yako akasema, "Afadhali, amepata usingizi." Wakamshusha juu ya jiwe pana, nikafunua, nikafunika tena. Maji hatukuyavuka. Tuligeuza.

Babu yako alikataa usiambiwe. Alisema mtoto asikue akijihesabu kuwa yeye ndiye aliyemmaliza mama yake. Nilimtii, na nadhani alikuwa na haki. Lakini sasa una ndevu.

Kwa hiyo sikuombi radhi kwa ile kamba. Kamba inanunuliwa dukani. Ulipodondoka ukanikazia macho, unatema mchanga, umevimba kwa hasira, moyo wangu ulirudi mahali pake. Sijawahi kufurahi namna ile kuchukiwa na mtu. Kuchukia ni kazi ya mtu aliye hai. Chukia tu, ila uchukie ukiwa hapa, nikupikie.

Jambo lenyewe ni hili. Wale waliobeba wamekwisha wote, babu yako ndiye aliyebaki hadi mwisho, naye umemzika mwenyewe. Lile jiwe nalijua mimi peke yangu. Jicho langu la kushoto limeshazimika na la kulia linalifuata, nikimwaga chai mezani nasikia tu inadondoka. Likizima nalo, hakuna mtu Ulemo nzima atakayeweza kukuambia mama yako alikata roho wapi. Utabaki na kaburi, na kaburi ni mahali tulipomweka sisi. Pale kwenye jiwe ndipo alipokuulizia.

Miarobaini ipo, sijaikata. Ulale nje, ulale ndani, sitakushika shati. Najua nitatoka asubuhi na mapema kukutazama, na utanivumilia.

Usipige simu kwanza, utaishia kuahirisha. Njoo korongo likiwa bado kavu, uvae viatu vya kutembelea, unishike mkono maana nitakwenda polepole. Na upitie dukani Kiomboi ununue chokaa, tulipake lile jiwe wakati bado naliona.

Ni mimi, bibi yako mzaa mama.