Hayat na uji wa moto

Muhiba, shoga yangu, sikia yaliyotupata leo. Mjukuu wangu Hayat amemuunguza mwanawe Aqsa kwa uji!

Unajua tangu Hayat ang'olewe lile gego la mwisho mdomo wake wa chini umekufa ganzi. Leo akaupima uji kwa mdomo, kama nilivyomfundisha mwenyewe, akaona umepoa. Mtoto akapiga ukelele.

Eti umepoa, Muhiba, kumbe bado wa moto! "Nyanya, nilipima. Wallahi nilipima." Ni hayo tu Hayat anayorudia.

Jirani yetu Lydiah alikuja mbio na maziwa baridi, wala hakumlaumu Hayat.

Aqsa amelala, hajambo. Daktari wa meno anasema mshipa wa fahamu wa mdomo wa Hayat utapona polepole.

Jioni Hayat amepika uji mwingine, akanipa kijiko bila kuniangalia. "Nyanya, nipimie."