Dada Yangu Amezuia Ujumbe Wangu

Mshauri mpendwa, nisaidie kabla ya Jumamosi maana nyumbani hapakaliki. Mimi ni msimamizi wa kompyuta katika hospitali, na dada yangu mkubwa, tuliyezaliwa naye wawili tu, anasajili wagonjwa hapo hapo, ghorofa ya chini. Kompyuta zetu zote zinatumia mtambo mmoja, kwa hiyo mtu akiwa ameingia humo unaweza kumwandikia neno likamtokea papo hapo kwenye skrini, katikati ya kazi yake, na sisi ndivyo tulivyokuwa tukitaniana kutwa, yeye ananiita mvivu, mimi namuuliza habari za mchumba wake, mfamasia wetu, ambaye nimembatiza jina la Kipara. Sasa wiki iliyopita nikamwandikia, "Dada, mwambie Kipara wako asisimame dirishani, jua likimpiga mwanga unatuumiza macho," kumbe Kipara mwenyewe alikuwa ameinama pale mezani kwa dada, wanasoma pamoja cheti cha mgonjwa, akayaona maneno yangu kabla yake. Tangu hapo dada amezuia ujumbe, nikimwandikia naambiwa hapokei, na nyumbani hanisemeshi ila kupitia kwa mama, "Mama, mwambie mwanao anipishe mlangoni." Jumamosi wazee wa Kipara wanakuja kuzungumza habari za ndoa, na dada amesema nisionekane sebuleni, mimi niliyetegemea kuwapokea kwa kuwa baba hatunaye. Nimeumia mno. Ila kama msimamizi ninayo amri ya kutuma tangazo linalowatokea wote walioingia, hata waliozuia ujumbe. Msamaha nimeshauandika, mrefu, umebaki kutumwa tu. Nitume?

Mdogo mtu

Mdogo mtu, toa mkono kwenye kibodi. Pole kwa kununiwa, najua inauma, lakini ulimwaibisha dada yako mbele ya mtu mmoja, na dawa uliyoipata ni kumwaibisha mbele ya hospitali nzima. Daktari anaandika dozi, ghafla skrini inajaa machozi yako na habari za upara wa mfamasia. Amri hiyo ulipewa uwaonye watu wahifadhi kazi zao kabla hujazima mtambo. Dada yako amefunga mlango wake, na ufunguo ulio nao ni wa kazi, si wa kuingilia kwa watu.

Halafu mbona huoni kilicho mbele ya macho yako? Kipara ameyasoma, na bado wazee wake wanakuja. Mwanamume aliyekasirika hatumi wazee. Huyo ni shemeji yako mtarajiwa, na mashemeji hutaniana, wewe umekosea kuanza utani kabla hata hajakaribishwa.

Kwa hiyo futa huo msamaha mrefu. Kesho asubuhi shuka ngazi, anzia dirisha la dawa. "Shemeji, nilikukosea adabu, nisamehe." Usianze kumweleza mtambo unavyofanya kazi. Akicheka, usicheke kumzidi. Kisha nenda kwa dada, panga foleni na wagonjwa, zamu yako ikifika sema, "Dada, nimekosa." Asipojibu, mpishe aliye nyuma yako, urudi siku inayofuata.

Jumamosi, kama bado hakutaki sebuleni, kaa jikoni uoshe vikombe, na usinune. Wazee wale watauliza ndugu yake yuko wapi, na dada yako hana ndugu mwingine. Ukisikia unaitwa, kausha mikono uingie.