Masikio ya Mzee Wisi

Altdorf, Jumatano jioni

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nakusalimu kwa heshima zote, na kupitia kwako namsalimu Shangazi Tresa, pamoja na dada yangu Agatha, ambaye najua ndiye aliyeishika karatasi hii, maana daktari amekukataza kusoma mpaka jicho lipone. Linaendeleaje? Bado linatoa machozi ukitazama theluji? Na koo je? Huku bondeni sote tu wazima. Mke wangu Regula amekufumia soksi za sufu, zimo kwenye kigari cha mizigo kinachopanda kwa waya, pamoja na unga na barua hii. Amesema usizifungie kabatini kama za mwaka jana, uzivae.

Agatha, nakuomba umsomee Baba yote, kwa sauti, wala usiruke mstari hata ukiona aibu kwa niaba yangu. Ya kwangu inanitosha.

Baba, Agatha ameniambia kwamba tangu ng'ombe wetu Lusti afe hujaita tena sala ya jioni ya kuyaombea malisho ulinzi. Anasema jua likizama unafunga dirisha, unakaa umeligeuzia jiko mgongo, na ile faneli ya mbao unayoitia umeipandisha darini ukaifunika gunia. Alipokuuliza, ulimjibu kwamba ikiwa mwanao aliita kwa pumzi yake ya ujana na ng'ombe bado akaenda, basi wewe na koo lako bovu utaita nini, na nani huko juu atakusikia. Nilitaka kuja kukueleza kwa mdomo. Nilifika mpaka kwenye kigari, nikasimama kidogo, nikarudi nyumbani. Ndiyo maana naandika.

Wacha nianze na safari yenyewe, kwa sababu huijui yote.

Wageni niliowaongoza milimani mara hii walitoka Hannover, watu wazima, viatu vipya, fimbo zinazong'aa. Yule bonge uliyemwona mlangoni pako anaitwa Joachim, ni daktari wa meno. Mdomo wake haufungi. Alisema nyumbani kazi yake ni kuwafumbua wengine midomo, kwa hiyo akija milimani ni zamu yake. Siku ya kwanza mvua ilitunyeshea tangu tulipotoka kituoni, na kila tulipopanda kilima aliniuliza kama ng'ombe nao wanapandishwa kwa miguu au wao wana lifti. Yule mama mwembamba mwenye kofia ya kijani ni Bi Wiebke, mwalimu mstaafu, mtu wa maswali ya polepole. Wengine walikuwa watu wa kutembea na kunyamaza. Niliwapa masharti kama ninavyowapa wote: unayekutana naye msalimie, ndama msimguse, anayefungua lango alifunge, na mimi napita wa mwisho kuhakikisha.

Jioni ya pili tulilala kwenye nyumba ya wageni chini ya upenyo, pale njia inapovuka mlima. Tulikuwa tumekaa nje tukisubiri supu, na kwenye malisho ya mbali mchungaji mmoja akaanza kuita sala ya jioni kwa faneli yake. Sauti ilitujia vipande vipande kwa sababu ya upepo. Unaijua ilivyo: jina la Bikira Maria linafika, linalofuata linapotea, kisha linafika jina la mtakatifu mwingine. Wote waligeuza vichwa kuielekea sauti mpaka ikaisha. Kisha Joachim akaingia jikoni, akatoka na chujio la makaroni, akalibandika mdomoni na kuanza kuwaita watakatifu wake mwenyewe: Mtakatifu wa Malengelenge, Mtakatifu wa Bia Baridi, Mtakatifu Mlinzi wa Magoti ya Wazee. Watu walishika mbavu. Mmoja akaniuliza kama kweli wachungaji wa namna hiyo bado wapo. Nikamjibu wapo, wazee wachache, wakifa nao itakwisha. Sikumwambia kwamba mmoja wa wazee hao ni baba yangu, wala kwamba kesho yake tungelala kwenye nyasi kavu za zizi lake. Nilicheka pamoja nao, Baba. Nilicheka kuwashinda.

Kesho yake tukafika kwako. Ulikuwa umesimama mlangoni na koti la kanisani, kofia mkononi, maana hospitali walikuwa wamekuita ghafla kwa ajili ya jicho. Uliwapa wageni mkono mmoja mmoja. Halafu ukanivuta kando kwa mkono wa shati, ukanipa faneli. Uliniambia kwamba leo ni mimi, koo langu ni zima, nisimame pale kwenye msalaba wa malishoni, nigeuke pande zote, na nisikimbize maneno kama mtu anayefukuzwa na mbwa. Nikasema sawa, Baba. Ukaingia kwenye kigari pamoja na Agatha, mkashuka, na kofia yako nikaitazama mpaka ikapotea nyuma ya misonobari. Faneli ile hukuwahi kumpa mtu. Hata mwaka ule wa kichomi uliita ukiwa umeketi, Mama akiwa amekushika mgongo, Mungu amrehemu.

Yaliyotokea asubuhi unayajua. Radi zilipiga usiku, ng'ombe wakashtuka, na kulipokucha Lusti alikuwa chini korongoni, kengele yake kubwa ikiwa nzima shingoni. Usilolijua ni kwamba Bi Wiebke alilia kama aliyefiwa, na Joachim alivua kofia akasimama kwenye umande mpaka helikopta ilipomnyanyua ng'ombe na kumpeleka. Kisha nikawaongoza wageni kumalizia safari, kwa kuwa kazi ni kazi.

Uliporudi na kitambaa jichoni hukuniuliza ng'ombe alianguka vipi. Hukuuliza nani alikuwa wapi. Uliniuliza kitu kimoja tu, kama niliita. Nikakujibu kwamba niliita. Ukatikisa kichwa taratibu, ukaenda kukaa kwenye benchi.

Halafu ikaja ile Jumapili, mlangoni pa kanisa. Mzee Wisi Herger, jirani yako wa malisho ya ng'ambo, alikukuta umesimama na wanaume, akaanza utani wake. Akasema, Balz, mwanao jioni ile aliita au alipiga miayo? Maana yeye alikaa nje na kiko chake mpaka giza, na kutoka kwako hakusikia hata chafya. Watu wakacheka. Wewe hukucheka. Ulimwambia, tena kwa sauti kila mtu asikie, masikio hayo akayazibue kwa fundi wa mabomba, na kwamba mwanao akisema ameita, ameita. Ukaniwekea mkono begani. Wisi akainamisha uso, mzee wa watu, akasema labda upepo. Nami nilikuwa pale pale, na mkono wako ukiwa begani, nikatazama viatu vyangu.

Baba, Wisi alisikia sawasawa. Sikuita.

Agatha, endelea kusoma. Usimtazame usoni, soma tu.

Sikuita, na sikuzuiwa na ugonjwa wala mvua. Jioni ilikuwa njema. Nilipika makaroni na viazi, nikapasha rojo la tufaha, na kila nilipoinua macho niliiona faneli imening'inia kwenye msumari nyuma ya mlango. Nikalisikia lile chujio la Joachim. Nikajiona nimesimama msalabani, mtu mzima, kiongozi mwenye beji kifuani, nimeshika faneli ya kuchujia maziwa, na nyuma yangu watu wazima wameziba midomo wasicheke. Basi nikavua koti langu, nikalitundika juu ya ule msumari, faneli ikafichika. Shangazi Tresa alikuwa kwenye chumba cha jibini, naye hasikii hata kengele ikilia sikioni, kwa hiyo sikuwa na shahidi. Bi Wiebke akaniuliza, kwa upole wake ule, kama hapa nako kuna sala kama ile ya jana. Nikamwambia hapana. Nikamwambia kwenye malisho haya mambo hayo yaliachwa zamani. Nimekukana nikiwa nyumbani kwako, sahani yako mkononi.

Na si hilo tu. Mchana wake, nilipokuwa najishughulisha na jiko, wageni walikwenda wenyewe kutazama korongo na kupiga picha. Sikupita wa mwisho, kama ninavyowaahidi watu kila safari. Asubuhi nililikuta lango la korongo liko wazi, limeegemea jiwe. Nikalifunga kabla Shangazi hajatoka, kisha nikaanza kupiga kelele kwamba Lusti haonekani. Wote mkaamini kwamba aliruka uzio kwa hofu ya radi. Sasa fikiri, Baba. Ukisimama pale msalabani na kugeuka pande zote kama ulivyoniagiza, lango lile linakutazama usoni. Ningekwenda kuita, ningeliona, ningeshuka kulifunga. Sijui watakatifu wanafanya nini wakati wa radi, mimi si padri. Ila sasa najua kwa nini Babu aliusimika msalaba pale, wala si karibu na nyumba ambako hakuna upepo.

Tulipoagana kituoni, Joachim alinishika mkono kwa muda mrefu. Alisema safari imempendeza, lakini ana jambo moja la kumsikitisha, kwamba hakuisikia ile sala kwa karibu. Jioni ile ya pili ilimsisimua mwili mpaka akaogopa kutoa machozi mbele za watu, na yeye akiguswa hufanya mzaha, ndivyo alivyoumbwa. Akaniuliza kama nafahamu mahali ambapo mtu anaweza kwenda kuisikia. Nikasema nitamuulizia. Yaani nilikuonea haya mbele ya mtu ambaye angesimama kofia mkononi kukusikiliza.

Najua yanayofuata. Septemba ng'ombe wako watashuka bondeni bila maua kwenye pembe zao, kama ifanyikavyo panapokuwa na msiba malishoni, na watu watasimama barabarani wakihesabu kengele na kuikosa ya Lusti. Hilo siwezi kulirudisha. Ninaloweza kulirudisha ni hili. Ulidhani uliomba kwa kinywa changu ukanyimwa. Hukunyimwa, Baba. Hakuna aliyeomba. Sala yako haikushindwa jioni ile, ilikuwa imetundikwa msumarini chini ya koti langu. Usiiadhibu kwa kosa langu. Iteremshe faneli, pangusa vumbi, na nakuomba usiache hata jioni moja zaidi kwa sababu ya mwongo mmoja uliyemzaa.

Jumamosi nitavuka upenyo na wageni wengine. Tutafika kwako kabla jua halijazama. Tukikukuta unaita, nitawaambia huyo ni baba yangu, na nitasimama mbali nao mpaka umalize, na ukitaka nisiingie ndani nitalala zizini. Tukikuta kimya, nitaomba faneli kwa Agatha, nitakwenda msalabani mbele yao wote na nitaita. Nitaita vibaya, najua. Nitayakimbiza maneno. Lakini nitageuka pande zote.

Nisalimie Shangazi Tresa, umpigie kelele sikio la kulia, ndilo lenye nafuu. Regula na watoto wanakubusu mkono. Agatha, ahsante kwa kufika mpaka hapa. Mpe Baba chai, ukae naye kidogo. Nakutakia jicho jema na usingizi mwema, Baba, na sithubutu kukutakia zaidi ya hapo kabla sijaja.

Na mkionana na Mzee Wisi, mwambie masikio yake hayana kasoro. Hapana, usimwambie wewe. Jumapili nitamwambia mwenyewe, pale pale mlangoni pa kanisa, watu wakiwapo.

Ni mimi mwanao uliyemwekea mkono begani,

Kari