Mgeni wa Kaburi Lako

Babu yangu,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini sijui kuanza na wewe kwa namna nyingine.

Tulikuzika Jumamosi, hapa hapa nyumbani Mtongwe. Hatukukuweka katika lile kaburi lenye jina lako. Nataka ulijue hilo kabla ya mengine yote, maana kule hospitali ulinishika mkono ukasema, "Mke wangu mdogo, wasije wakanilaza juu ya mtu." Kisha ukageukia ukutani, hukusema tena.

Nilibaki na neno hilo peke yangu, Babu. Mimi, ambaye nilimaliza shule bila kunyoosha mkono darasani.

Ijumaa mchana Baba Mkubwa aliwaita wachimbaji akawaonyesha kaburi la zamani. "Lifukueni hilo hilo," akasema. "Mna nini mle? Mgomba, na umeshaoza. Mzee ana nyumba tayari, tumjengee nyingine ya nini?" Watu wakacheka, kama walivyozoea kucheka juu ya jambo hilo. Hata muuza maandazi alikuwa akikuuliza, "Marehemu, leo wataka mangapi?" nawe unajibu, "Marehemu hali sana, nipe manne."

Mimi sikuwahi kucheka. Nilikuwa nikiliogopa lile kaburi tangu utotoni.

Bibi alinisimulia mara nyingi. Meli yenu ya abiria ilipozama, aliambiwa hakuna aliyepona. Mwili haukupatikana, basi wazee wakafuata desturi: wakakata mgomba wa urefu wako, wakauvisha koti lako jeupe la uhudumu, wakaulilia, wakauzika. Miezi ikapita. Asubuhi moja ukatokea njiani umekonda, miguu mitupu, na Bibi akaangusha sufuria ya uji. Hukuruhusiwa kupita mlangoni, kwa kuwa ulikwisha kuzikwa. Walitoboa ukuta wa nyuma ukaingia kwa kutambaa, kama anayezaliwa.

Wazee walitaka mgomba ufukuliwe ukatupwe. Ulikataa, na hukusema kwa nini. Badala yake, kila Jumapili baada ya kanisa ulitengeneza chai, ukatandika kitambaa cheupe mkononi, ukaenda hadi kaburini kwa ule mwendo wako wa melini, usiotikisa hata kijiko. Unagonga saruji kwa kidole. Unasubiri. Unarudi na kikombe kitupu.

Siku moja nilikufuata nikajificha nyuma ya mihogo. Hukunywa ile chai, wala hukuimwaga. Ulikishika tu kikombe juu ya kaburi, umeinama kidogo, kama mtu anayemsubiri mwingine amalize. Ulipokiweka jikoni kikiwa kitupu, nilikilamba ukingoni. Kilikuwa na chumvi. Sijapata kumwambia mtu.

Nadhani uliniona siku ile, kwa sababu jioni yake ulinisimulia habari za Athumani, kijana wa Lamu mliyekuwa mkihudumu naye vyumba. Mlishikilia ubao mmoja majini usiku kucha. Kulipopambazuka alikwambia, "Karisa, mimi sina wa kunizika." Nawe, meno yakikugongana kwa baridi, ukamwambia, "Utalala kwangu." Ulipogeuka, hakuwapo. "Basi nilipofika nyumbani nikakuta kaburi," ukaniambia. "Nikajua mgeni amenitangulia."

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo kifuani Ijumaa, na jembe limeshainuliwa.

Nilisema, "Msichimbe hapo." Hakuna aliyesikia. Nikasema tena, na sauti iliyotoka sikuijua kuwa ni yangu. "Msichimbe! Mna mtu!"

Baba Mkubwa akanitazama. "Tangu lini bubu akahutubia? Huyu hata shikamoo huitoa kwa kunong'ona." Wachimbaji wakacheka tena. Lakini nikaendelea, Babu. Nililia, na nikaendelea mpaka mwisho. Ubao, Lamu, neno ulilompa. Chumvi sikuisema.

"Hadithi za mgonjwa," akasema Baba Mkubwa. "Chimbeni."

Ndipo Bibi akainuka kwenye mkeka wa wafiwa. Alikuja taratibu akasimama mbele yangu. "Kadzo," akaniita, jina lake na langu, "huyo Athumani, babu yako alikwambia ana mwanya?"

"Ndiyo, Bibi. Hapa juu."

Bibi akaketi pale pale mchangani.

Alisema kwamba wiki ile walipouzika mgomba, wakati angali mjane, kijana alisimama mlangoni mchana mweupe, nguo zinachuruzika. Alitabasamu, ana mwanya. Alisema, "Ahsante kwa malazi, dada." Bibi alipokwenda kumletea kanga ajifute, hakumkuta, na mlangoni palikuwa pakavu. Hakumwambia yeyote. Hata wewe hakukwambia. Mmeishi miaka yote hiyo nyumba moja, kila mmoja akimfichia mwenzake mgeni mmoja!

Baada ya hapo hakuna aliyecheka. Mchimbaji mmoja aliliweka jembe chini akaenda kunawa mikono. Baba Mkubwa akauliza kwa sauti ndogo, "Na ni Mwislamu? Tumemlaza chini ya msalaba?" Akaung'oa yeye mwenyewe. Jirani yetu mzee wa msikitini akaja, akasimama pale akamsomea dua. Nawe tukakuchimbia pembeni, hatua chache tu.

Tangu Jumamosi, mchana watu wakipumzika, husikika wanaume wawili wakizungumza huko nyuma. Maneno hayashikiki. Bibi husema, "Waache, wana mengi." Mimi naogopa bado, Babu, ila si kama zamani.

Ninalokuahidi ni hili. Athumani alisema hana wa kumzika. Hakusema hana ndugu. Huenda kuna dada mzee huko anayemngoja mpaka leo. Nitakwenda Lamu. Nitauliza mtaa kwa mtaa, ni nani aliyempoteza kijana mwenye mwanya, aliyehudumu melini. Nitapiga hodi kwa watu nisiowajua na nitasema kwa sauti ya kusikika, kwamba ndugu yao amelala Mtongwe, na si peke yake.

Pumzika, Babu. Mwambie ajiandae kwa wageni.

Mke wako mdogo,
Kadzo