Mashine Haiangalii Miguuni Pake

Papa Anaclet,

Nimelipiza. Nakuandikia hasira ikiwa bado moto, maana ikipoa nitaanza kumwonea Serge huruma.

Tangu tukuzike, Serge, uliyemfundisha kompyuta pamoja nami kwenye baraza la nyumba yako mtaani Panda, amechukua programu yako ya kutoa bulletin, zile karatasi za matokeo ya wanafunzi. Alifuta jina lako akaandika lake, kisha akatangaza shuleni kuwa ni kazi yake: "Ni minye njo niliitengeneza." Mjane wako, Mama Thérèse, alikuwa amekaa palepale. Aliinamisha kichwa tu. Ile shingo yake iliyoinama iliniuma kuliko wizi wenyewe.

Ikafika siku ya proklamasio. Wazazi wamejaa uani, wamependeza, wanangoja matokeo ya watoto yasomwe. Serge akawasha kompyuta mpya ya shule. Programu ikagoma: maktaba haionekani. Unaijua, lile faili lako la kukokotoa na kuchapa, ambalo bila hilo programu haifanyi kitu. Akalinakili, akaliweka kando ya programu, kwenye folda ileile. Ikagoma. Akaliweka tena palepale!

Nilicheka, Papa. Nilikusikia tena kama siku ile barazani, kikombe cha chai mkononi: "Mashini haiangaliaka ku miguu yake, mwana. Iko na njia yake, inafwata ile tu." Ukanionyesha kwa kidole mezani: inaanza kwenye folda ya /usr/local, ndiyo kwetu, mahali pa vitu tulivyotengeneza wenyewe, ikikosa, inaenda /usr/lib, kwenye vitu vya mfumo. Siku ile Serge alikuwa ametoka kupiga simu. Kwenye kompyuta yako kila kitu kilikuwa mahali pake, hakuwahi kujiuliza.

Akanijia jasho likimtoka. "Ya Béa, nisaidie, bantu banangoya." Siku hiyo nikawa dada mkubwa! Nikamwambia: jina la Papa kwanza, na kwa maikrofoni. Alilisema lote. Mama Thérèse akainua kichwa. Ndipo nikaweka maktaba yako kwetu, kwenye /usr/local, nikaiamuru mashine izipitie njia zake upya, na bulletin zikatoka.

Ungesema yatosha. Mimi sikutosheka. Maktaba niliyoiweka nilikuwa nimeiandaa nyumbani tangu alipofuta jina lako, nimeipitisha upya kwenye kompilata, ile inayogeuza maandishi yetu kuwa faili la mashine, na jina lako limo ndani. Linachapwa chini ya kila bulletin. Serge ameshajaribu kuliondoa: ameweka maktaba yake isiyo na jina kwenye /usr/lib, na bado anashangaa linarudi. Mashine inaanza kwetu, inakukuta, haitafuti tena.

Ninakukosa. Hakuna anayenigombeza nikikosea.

Pumzika, Papa. Akiniuliza kwa nini jina linarudi, sitamwambia, nakuahidi. Mwaka ujao binti yake anaanza darasa la kwanza kwenye shule hiyohiyo. Bulletin itafika nyumbani isainiwe na mzazi, na Serge atatia saini yake chini ya jina lako.

Wako,
Béa