Uji wa Mahindi Yaliyooza

Ngaire, nimejificha chooni kwa Bibi Wikitoria. Shoga, leo nimeumbuka!

Unakumbuka nilivyomdanganya kwenye simu, "Bibi, huku mjini Auckland natamani sana uji wako wa mahindi yaliyooza"? Nilitaka tu kumfurahisha. Kumbe akaamini! Akashuka kijitoni na yale magoti yake mabovu, akaloweka humo gunia zima la mahindi miezi miwili mpaka yakaoza, kama wazee wetu wa Kimaori.

Kwa ajili yangu!!

Leo kaniwekea bakuli, kamwagia krimu na sukari. Harufu yake, shoga, kama soksi za timu nzima ya raga. Na mashangazi wote wamenikodolea macho.

Nikameza kijiko kimoja. Machozi yakanitoka. Bibi akasema, "Mwoneni mjukuu wangu, analia kwa furaha."

KWA FURAHA, Ngaire.

Nikasema namalizia nje, kwenye upepo. Nikamwekea mbwa lile bakuli. Akanusa, akanitazama, akaondoka zake.

Mbwa!!

Kugeuka, Bibi yuko dirishani, sijui tangu saa ngapi. Hakufoka. Bora angefoka. Aliuliza tu, taratibu:

"Na huyo mbwa naye amekulia Auckland?"