Asubuhi Niliyogonga Kadi ya Shaibu

Melini, Bahari ya Mediterania

Baba mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Mama aliniambia kwenye simu kwamba siku hizi unapanda ngazi za kanisani kwa kushika ukuta, nawe ukakana kwa nguvu kutoka chumba cha pili, nikajua kwamba sauti, walau, ni nzima. Na presha ya Mama imetulia? Mimi mwilini sina la kulalamikia: nakula, natembea, sijapata hata mafua tangu tuagane. Mengine ya uzima wangu utayapima mwenyewe ukimaliza kusoma.

Utajiuliza kwa nini nimeshika kalamu wakati simu ipo. Simu ya hapo nyumbani huwekwa spika, na mazungumzo yetu huishia kuwa ya mtaa mzima. Habari hii haistahili spika. Anayekuletea bahasha ni mwenzangu wa Mbezi Luis ambaye mkataba wake umekwisha. Nimemwomba aikabidhi mkononi mwako na si kwa mtu mwingine. Tafadhali isome kwanza peke yako.

Ni habari ya Shaibu.

Najua yanayosemwa hapo Kijichi, maana wewe mwenyewe ulinisimulia: kwamba Shaibu, mwana wa jirani yetu Bi. Somoe, ametoroka meli, ameoa Mzungu, amemtelekeza mkewe Zuhura na mtoto. Kampuni ilimwandikia Zuhura kwamba mumewe aliacha kazi kwa hiari yake bandarini na kwamba hajulikani alipo. Kaka zake wanamshinikiza aende kwa Kadhi ndoa ivunjwe, naye anakataa. Bi. Somoe haendi tena kwenye shughuli za watu, kwa sababu kila akikaa mkekani mazungumzo hukatika. Ukaniuliza, “Gaudensi, mlilala chumba kimoja, kweli hukujua?” Nikajibu kwamba sikujua. Baba, nilikudanganya. Shaibu hakutoroka. Amekufa baharini, na aliyemfanya aonekane mtoro ni mimi.

Niruhusu nianzie nyuma kidogo, kwenye ubishi wetu wa siku zote. Wewe uliyehesabu makontena Kurasini hadi ulipostaafu huamini kwamba meli kadiri inavyokuwa kubwa ndivyo bahari inavyoiheshimu. Nami nilikuletea hoja za vitabuni: moshi wa meli hizi, miji midogo inayofurika wageni asubuhi na kubaki na takataka jioni, fedha ambazo hazishuki ngazi pamoja na abiria. Ulinisikiliza mpaka mwisho, kisha ukasema, “Hiyo meli unayoilaani ndiyo iliyokupa kazi. Digrii yako ilikuwa inaliwa na mende kabatini.” Nilikasirika, kwa sababu ulikuwa umesema kweli.

Na kazi yenyewe, kwa kuwa leo ni siku ya kweli, si ya “idara ya huduma” kama nilivyokuandikia. Ni ya dobi, chumba cha kufulia. Mimi na Shaibu tulikuwa tukifua mataulo na mashuka chini kabisa ya meli, mahali ambapo hujui kama nje ni mchana au mvua inanyesha. Alinitania kila siku.

“Msomi,” aliniambia, “hebu nieleze, uchumi unasemaje kuhusu taulo lenye matapishi?”

“Unasema lifuliwe mara mbili.”

“Basi hata mie mchumi. Joho tu ndio sijavaa.”

Meli yetu ya kwanza ilikuwa ndogo na kuukuu. Bosi wa dobi alikuwa Mgoa mmoja mzee aliyesimama mlangoni kila asubuhi na kutuita kwa majina, akitutazama usoni kama mama anayekagua watoto kabla ya shule. Ukiwa na homa alikuona kabla hujasema. Kampuni ikaiuza meli ile, ikatuhamishia katika hii mpya, yenye mitaa ndani yake, bustani yenye miti hai na maelfu ya watu. Hapa hakuna anayesimama mlangoni. Kuna kimashine ukutani. Unagonga kadi, kinalia, umehesabiwa.

Haikuchukua mwezi tukaanza kugongeana. Usinielewe vibaya, si sisi peke yetu, dobi zima lilifanya hivyo. Zamu zetu zilikuwa ndefu kiasi kwamba nusu saa ya ziada kitandani ilikuwa kama sikukuu. Mmoja alibeba kadi mbili, mwenzake akaja baadaye, na taulo hazikujua tofauti.

“Braza, kesho nigongee basi,” Shaibu alikuwa akisema. “Mie nimekwisha.”

“Na ukikamatwa?”

“Na nani? Kile kidude kinamjua nani? Kinajua plastiki tu.”

Mkubwa kati yetu kwa umri alikuwa yeye, na kwa elimu nilikuwa mimi, na hakuna hata mmoja aliyeona kwamba hapo alikuwa amesema jambo la kuogofya.

Jumanne ile niliamka kuwahi zamu ya saa kumi na mbili asubuhi. Pazia la kitanda chake, kitanda cha juu, lilikuwa limefungwa. Nikasema, “Shaibu, muda.” Kimya. Sikulifungua pazia, Baba. Nilidhani amelala, nikamhurumia, nikajiona ndugu mwema. Kadi yake ilikuwa kwenye msumari wake karibu na mlango. Nikaichukua, nikagonga yangu, nikagonga yake. Nilipomaliza shehena ya kwanza nikarudi mbio kuitundika ili aikute.

Saa mbili tukafunga gati katika kisiwa kimoja. Adhuhuri msimamizi akaniuliza, “Mwenzako yuko wapi?” Nikajibu bila kufikiri, “Yuko upande wa mashuka.” Dobi letu lina pande mbili, na kutoka upande mmoja hadi wa pili ni mwendo, msimamizi hakwenda kutazama, nami nilijua kwamba hataenda. Nilirudi chumbani saa nane, nikafungua pazia. Kitanda kilikuwa kimetandikwa. Nikasema moyoni, ameshuka mjini bila kuniaga, jeuri huyu. Meli iling'oa nanga saa kumi na moja jioni. Zamu ya pili ilipoanza na yeye hayupo, ndipo nilipotoa taarifa.

Walinzi wa meli walimtafuta siku mbili. Kisha wakaniita, wakanionyesha kwenye kompyuta: kadi ya Shaibu iligongwa saa kumi na mbili asubuhi kazini. Saa ile kumekucha, bahari shwari, pwani inaonekana. Mtu aliyekuwa dobini saa kumi na mbili, wakasema, hakuanguka baharini. Alisubiri meli ifunge gati, akaacha kadi msumarini kama watoro wafanyavyo, akatoka na magari ya vyakula. Hoja yao haikuwa na ufa. Mimi niliyezoea kutafuta ufa katika hoja za kila mtu niliujua ulipo, nikanyamaza. Kugonga kadi ya mwingine ni kufukuzwa siku hiyo hiyo. Nikajiambia, huenda kweli ametoroka. Nikalishika hilo “huenda” kwa wiki kadhaa kama mtu anayeshikilia kamba asiyotaka kujua imefungwa wapi.

Kilichonikatia kamba ni mswala wake. Nilitumwa kuchukua mablanketi katika ghala la vitu vilivyookotwa, chumba kikubwa kuliko sebule yetu, kilichojaa kofia, miwani, vigari vya watoto. Nikauona kwenye rafu, umekunjwa, na pembeni uzi wa kijani ambao Zuhura aliutumia kudarizi herufi mbili za jina la mumewe. Umebandikwa karatasi: umeokotwa Jumanne alfajiri, sitaha ya tezi, nyuma kabisa ya meli. Wafanyakazi haturuhusiwi kufika pale. Shaibu alikuwa akipita kwa mlango wa wapaka rangi kwenda kusali sala ya alfajiri, kwa sababu, alisema, kule chini hata malaika angepotea njia. Mfagiaji aliuokota, akaupeleka ghalani kama alivyoagizwa, na kazi yake ikaishia hapo. Hakumjua Shaibu. Mlinzi hakumjua mfagiaji. Kila mmoja alitimiza wajibu wake kikamilifu.

Sijui kama aliteleza, au upepo, au kizunguzungu cha mtu aliyekuwa amesimama kazini saa kumi na nne jana yake. Sitatunga nisichokiona. Ninalolijua ni kwamba saa kumi na mbili, nilipogonga kadi yake, alikuwa tayari hayupo, na kama kile kimashine kingesema ukweli, kengele ingelia, wangemtafuta, na meli pengine ingegeuzwa. Pengine. Neno hilo ndilo ninalolala nalo.

Utaniambia, Baba, kwamba meli haina kosa hapa: mashine ilidanganywa na mtu, na mtu huyo ana jina na ubatizo. Nakubali kosa hilo, na nimelisaini kwa maandishi. Lakini bado nabishana nawe, kwa sababu sasa nina hoja ambayo sikuitoa kitabuni. Yule Mgoa nisingeweza kumdanganya. Kadi ya Shaibu nilikuwa nayo. Uso wake sikuwa nao. Wanaojenga meli hizi hujivunia urefu wake na orofa zake, na ni kweli zinalisha familia nyingi, yetu ikiwamo, na zimewafungulia bahari watu wa kawaida ambao zamani wangeishia kuitazama. Sibezi hayo. Nasema tu kwamba chombo hupimwa pia kwa muda kinaochukua kumkosa mtu mmoja. Meli kuukuu ingemkosa Shaibu kabla ya chai. Hii ilihitaji siku nzima, kisha ikakosea sababu. Na tayari wanaunda nyingine kubwa zaidi.

Na waliniita nikafanye kazi katika hiyo nyingine. Wiki iliyopita afisa wa wafanyakazi, mama mmoja mpole, alinipa barua ya kuwa msimamizi wa dobi huko. Ningekuwa na chumba chenye dirisha. Nilibaki na barua ile siku tatu, na nakiri kwamba siku ya kwanza nilifurahi. Siku ya tatu nilirudi kwake na mswala mkononi, nikamweleza yote.

“Kwa nini ulikaa kimya?” aliuliza.

“Niliogopa kufukuzwa.”

“Na sasa huogopi?”

“Naogopa. Lakini mkewe anaitwa mke wa mtoro.”

Alinisogezea karatasi. “Andika polepole,” akasema. “Ukishasaini sitaweza kukusaidia.”

Niliandika kurasa nne. Nahodha amezisaini kwamba amezipokea, wakapiga muhuri, nami nikagoma kutoka ofisini mpaka nipewe nakala. Kampuni inasema “italitazama upya” suala hilo. Sijui watachukua muda gani, wala kama watakubali. Mimi nitashushwa bandari ijayo na kurudishwa nyumbani. Nakala imo ndani ya bahasha hii, pamoja na tafsiri yangu ya Kiswahili. Mswala wameuzuia kama ushahidi, lakini nimeupiga picha, na uzi wa kijani unaonekana.

Sasa ombi langu, Baba, na ni zito. Usimpelekee Zuhura karatasi hizi moja kwa moja. Nenda kwanza kwa imamu wa msikiti wao, umsomee yote, usiruke mahali panaponitaja. Mimi ni Mkatoliki na sitajifanya mwanachuoni wa dini ya jirani zetu. Yeye ndiye atakayejua kama ushahidi wa mtu kama mimi unatosha kumsalia Shaibu sala ya asiyekuwepo, na kama Zuhura aingie eda, na siku zihesabiwe tangu lini. Kama siku inahitajika, ni ile Jumanne, kabla ya jua; tarehe imo kwenye maelezo. Kisha mwende pamoja kwa Bi. Somoe, asubuhi, mkiwa na wazee wawili watatu, kama mtu anavyopelekewa msiba wa kweli. Mama atangulie kwa Zuhura akae naye, asiwe peke yake mtakapofika. Mwili haupo, hakuna kaburi la kuchimba, lakini angalau jamvi litandikwe, watu waje, wamlie kwa jina lake.

Kaka zake Zuhura wakiuliza Gaudensi yuko wapi, waambie siku nitakayofika. Usinifiche. Nitapita kwao kabla sijaingia nyumbani kwetu.

Nisalimie Mama, na umwombe asiniombee kazi nyingine kwa sasa. Msalimu Dada Skola na shemeji yangu fundi seremala, umwambie lile kabati la vitabu alilokuwa akinitengenezea asilimalize. Msalimu katekista wetu. Nitamhitaji aniandae kwa maungamo marefu kabla ya kwenda kwa padri. Bi. Somoe mwamkie kwa niaba yangu, mwambie namshika miguu, kama ataniruhusu.

Zuhura usimpe salamu zangu. Sina salamu ya kumpa. Nina maelezo, nayo yamo kwenye bahasha.

Mwanao,
Gaudensi